Fundi wa Kinanda na Ngoma Iitwayo Hodi

Baba Mchungaji, wazee wa kanisa, wanakwaya, majirani na ndugu zetu wote mlioacha shughuli zenu mkaja kuketi nasi, mimi ni mdogo wake marehemu, kitindamimba wa mama yetu, na familia imenipa kazi hii kwa sababu, kama wanavyosema wao, mimi ndiye ninayekumbuka tarehe. Nitasoma yaliyokuwa, kwa mpangilio wake, na ninaomba mnisikilize hadi mwisho, kwa kuwa mwishoni kuna jambo litakalofanyika humu ndani ambalo wengi wenu mnaliogopa, nasi tunaliogopa, na si haki mtu kushtukizwa akiwa msibani.

Marehemu kaka yetu alizaliwa Ijumaa, tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili iliyoungana ukuta na karakana ya baba yetu, ambaye alikuwa seremala wa milango, vitanda na majeneza. Milango na vitanda vilikaa mbele, mahali wateja walipopita, na majeneza yalisimamishwa chumba cha nyuma, yakiegemea ukuta ule ule ambao upande wake wa pili palikuwa na kitanda chetu. Kaka alikuwa mtoto mwoga, na hili silisemi kwa kumvunjia heshima, yeye mwenyewe alilisema mara nyingi. Mama akimtuma kumwita baba chakula kikiwa tayari, alisimama barabarani na kupiga mluzi, hakuingia, mpaka siku moja baba akatoka na randa mkononi akamwambia, "Masanduku hayang'ati, mwanangu, yanasubiri tu," maneno ambayo baba aliyakusudia yawe faraja, ila tangu siku hiyo kaka hakulala tena upande wa ukutani.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959 akamaliza mwaka 1965, akiwa na alama nzuri za hesabu na kazi za mikono, lakini nafasi ya sekondari hakuipata, na Januari 1966 akaingia karakana kumsaidia baba. Alijifunza milango, akajifunza vitanda, na majeneza aliyafanya kwa masharti, yaani apige randa na kukata, lakini kifuniko afunge baba.

Mwezi Juni 1971 alikuja karakana ya baba mzee mmoja aliyekuwa na kazi ya kutunza vinanda vya mabomba katika makanisa mengi, watu wakimwita Babu Filimbi, akitafuta seremala wa kurekebisha kinanda cha kanisa hili. Baba alikuwa na kazi nyingi, akamtoa kaka. Ndivyo alivyopanda kwa mara ya kwanza ngazi ile mnayoiona nyuma yenu, akaingia kwa kamlango kadogo kalicho ubavuni mwa kinanda, akiwa na umri wa miaka ishirini, na humo ndimo alimotumia maisha yake yote yaliyobaki.

Wengi wetu tunakijua kinanda hiki kwa sura yake ya mbele tu, yale mabomba yanayong'aa na meza ya mpigaji, kwa hiyo nitaeleza kidogo, maana bila hayo historia yake haieleweki. Huko ndani kuna mota inayosukuma hewa kwenye mvukuto mkubwa wa ngozi na mbao, ambao juu yake yamewekwa mawe ili hewa itoke kwa uzito ulio sawa, na hewa hiyo hupita kwenye masanduku ya upepo yaliyo chini ya mabomba, ikingoja mpigaji abonyeze kibao na vali ifunguke. Mpigaji huchagua sauti kwa kuvuta vifundo vilivyo kando yake, na kila kifundo husogeza ubao mwembamba ulio chini ya mabomba, ukiruhusu upepo au kuuzuia. Mbali na mabomba, kinanda hiki kina vyombo vya kugonga, yaani safu ya kengele ndefu za shaba zinazopigwa na vinyundo vya mbao, marimba ya vyuma inayotumika Krismasi, ile nyota inayozunguka na vikengele vyake, ambayo watoto huigeukia mpaka mama zao wawafinye, na mwisho wa vyote kuna ngoma.

Ngoma hiyo haina ngozi wala fimbo. Ni mabomba mawili ya mbao, marefu kuliko mtu, ya pembe nne, yaliyofungwa juu kwa vizibo, yamesimama bega kwa bega kwenye kona ya nyuma kabisa yenye giza, na yeyote aliyekulia karakana ya baba yetu angejua mara moja yanafanana na nini. Kifundo cha ngoma kikivutwa, mabomba yote mawili hulia kwa pamoja bila kibao chochote kubonyezwa, lakini yametegeshwa yasipatane, moja liko chini kidogo ya mwenzake, na kule kutopatana ndiko kunakotoa mapigo, du, du, du, kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi akiwa na subira. Kwa sababu ya kugonga huko waumini wakaiita Hodi.

Kaka alipoachiwa kazi ya kulinganisha sauti za mabomba ya mbao, mwaka 1972, alifanya kosa ambalo mafundi wa kazi ile walilicheka kwa miaka mingi. Alisikia mabomba mawili yasiyopatana, akadhani yameharibika, akashinda asubuhi nzima akisukuma vizibo mpaka yakawa sauti moja safi. Babu Filimbi akavuta kifundo, akasikia mlio mmoja wa chini, umetulia kama maji ya mtungini, akauliza, "Nani amewapatanisha hawa wawili?" Kaka akajibu kwa fahari kwamba ni yeye. "Sasa ngoma iko wapi?" akasema mzee. "Mwenzako nimewaweka wagombane, wewe umewasuluhisha! Hebu warudishe kwenye ugomvi wao kabla ya Jumapili." Kaka akawarudisha, na akawa amejifunza, bila kujua kwamba elimu ile angeihitaji siku nyingine, jinsi ya kuifunga Hodi kinywa.

Sasa naingia sehemu ambayo wazee waliomo humu wanaijua. Jumapili, tarehe 23 Septemba 1973, wakati wa maombi ya kimya, mpigaji akiwa amekunja mikono mapajani, Hodi ilipiga yenyewe, na mpiga kengele wa kanisa akafariki Alhamisi ya wiki hiyo. Jumamosi, tarehe 22 Septemba 1984, ilipiga tena katikati ya harusi, bwana arusi akiwa bado ameshika pete, na baba wa bibi arusi hakuiona Jumapili iliyofuata. Tangu hapo viti vilivyo chini ya kona ile vikabaki vitupu hata sikukuu, na msemo ukaenea mtaani kwamba Hodi ikipiga, usiseme karibu. Kaka aliijua sababu, aliieleza kwa kila aliyemuuliza, kwamba wakati wa ukavu ubao ule mwembamba husinyaa, upepo hupenya, mabomba hulia, basi. Alitaka kuutoa ubao ule na kuweka mwingine, lakini ili kuufikia ilibidi kushusha mabomba yote mawili na kuyalaza sakafuni, na mwenyewe alikiri kwamba kila alipoyashika ayashushe, mikono iligoma. Kuijua sababu ni jambo moja, na kuketi peke yako ndani ya kinanda, umeyapa mgongo masanduku yale mawili, ni jambo jingine.

Marehemu alifunga ndoa katika kanisa hili Jumamosi, tarehe 6 Mei 1978, na wifi yangu, ambaye yupo hapa mbele yetu, fundi wa cherehani aliyeitwa kuja kukata na kuunga ngozi za mvukuto zilipochakaa. Inasemekana siku ya kwanza alimkuta kaka ameacha kamlango wazi na kukawekea jiwe kasijifunge, akamuuliza anaogopa nini mchana kweupe, kaka akamtajia mambo kadhaa, na wifi akamwambia, "Wewe unaogopa kila kitu, na mimi je?" Kaka akasema, "Wewe ndiye wa kwanza kwenye orodha." Mungu aliwajalia watoto wawili, mvulana, aliyezaliwa tarehe 2 Aprili 1980, ambaye ni dereva wa malori ya mizigo, na binti, aliyezaliwa tarehe 17 Novemba 1988, ambaye alirithi sikio la baba yake na kazi yake, na ndiye aliyeketi sasa hivi huko juu kwenye kinanda.

Mwaka 1996 wifi aliugua uvimbe tumboni, akalazwa hospitali ya rufaa, na upasuaji ukapangwa Jumatatu, tarehe 14 Oktoba. Jumapili, tarehe 13, baada ya ibada, watu wakiwa wameshatawanyika, kaka alikuwa ndani ya kinanda akifunga vali iliyokwama, mota ikiwa inafanya kazi, na ilikuwa kiangazi kikali. Hodi ikapiga.

Haya ninayoyasoma sasa aliyasimulia mwenyewe, baada ya miaka mingi, kwa mkewe na binti yake, nami nikiwa mezani. Alisema hakufikiri ubao wala ukavu, alifikiri kitanda cha hospitali. Alisema angeweza kuizima mota, lakini aliona kuizima ni sawa na mtu kujificha chini ya kitanda anayegonga akiwa bado mlangoni, kwa hiyo akafanya lile alilofanya kwa makosa mwaka 1972, akapanda kwenye kijukwaa, akashika kizibo cha bomba la pili na kuanza kukisukuma chini. Sasa, mabomba yakikaribia kupatana, mapigo hayakatiki ghafla, hupungua mwendo. Du, du, du ikawa du, kisha kimya kidogo, kisha du, na kadiri alivyosukuma ndivyo mapigo yalivyochelewa, mpaka katikati ya kazi akasikia kitu ambacho hakukitarajia, kwamba mlio ule haukuwa tena wa mlango, ulikuwa wa moyo, na moyo wenyewe unazimika chini ya mkono wake. Hapo mkono ukaganda. Akiendelea, pigo la mwisho litakuwa kazi yake, na akiacha, Hodi itaendelea kuita. Alisema alisimama pale jasho likimdondokea kwenye kizibo, akihesabu kimya kati ya pigo na pigo, akaogopa kukaa, akaogopa kumaliza, mwishowe akafumba macho na kusukuma kwa kiganja. Mabomba yakapatana. Ikabaki sauti moja safi, haina pigo.

Akakimbia kwa miguu hadi hospitali, na viatu vya kazi, akamkuta wifi ameketi kitandani anasukwa nywele na mgonjwa mwenzake. "We baba nanii, mbona unahema kama umefukuzwa na mbwa?" wifi akamwambia. Kaka akasema amekuja kumwona tu. Upasuaji ulifanyika kesho yake, na kwa neema ya Mungu mkewe akapona.

Ndugu waombolezaji, mngedhani hofu iliishia hapo, kumbe hapo ndipo ilipopata nyumba. Mke wake amepona, na Hodi imenyamaza, na kaka hakuweza tena kulitenga hili na lile. Kama angeirudisha ngoma, kisha wifi augue hata mafua, nani angemwambia kwamba si yeye aliyemfungulia mlango mgeni? Akaliambia baraza la kanisa kwamba mbao za ngoma zimepasuka. Kila mwaka marehemu mwenyekiti wetu wa zamani, ambaye wote tulimwita Mzee Hoja, alisimama na kuuliza, "Fundi, hiyo ngoma yetu inaumwa nini kisichopona?" na kila mwaka kaka alijibu, "Mbao, mzee," akaketi. Mtu aliyekuwa akipanda ngazi na kusikiliza mabomba mengine yote kila Jumamosi, lile la pili la kona ya nyuma hakuligusa tena, na kila kiangazi kilipoingia hakupata usingizi, akamchungulia mkewe akiwa amelala, aone kama anapumua.

Mwaka 2019 binti yake, akiwa ameshakuwa fundi kamili, aliyapima mabomba yale ili ayatengeneze, akaja nyumbani wakati wa chakula cha mchana akasema, "Baba, Hodi haijapasuka popote. Umewapatanisha." Kijiko kilimponyoka kaka. Ndipo akasimulia yote niliyowasomea. Wifi akasema, "Yaani miaka yote hii unanilinda kwa kipande cha mbao, na mimi najua ni dawa na maombi?" Akacheka mpaka akashika meza, tukacheka naye, kisha tukaona kwamba hacheki tena, machozi yanamtoka, akamwambia, "Mume wangu, umeishi vibaya." Alimsihi airudishe. Kaka alikataa. Alikataa mwaka ule, na mwaka uliofuata, na uliofuata huo.

Ugonjwa wa marehemu ulianza Mei 2023 kwa kikohozi kikavu, na madaktari wakatuambia mapafu yameharibika kwa vumbi la mbao na la ngozi kuukuu alilolivuta tangu ujana wake. Mtu wa upepo akawa anakosa upepo. Novemba 2024 alilazwa, akawekewa mashine ya hewa, na mashine ile, kwa bahati mbaya, inafanya kazi kwa mapigo. Usiku wa kwanza aliivua, akatuambia Hodi imemfuata. Muuguzi, binti mpole sana, alimvalisha tena, akamwambia, "Babu, hii ni hewa tu." Kaka akamjibu, "Najua ni hewa tu, mjukuu wangu. Maisha yangu yote ilikuwa ni hewa tu." Tangu jibu hilo hakuivua tena, ingawa mkono wake haukuacha kuushika mkono wa mkewe, na tulipomuuliza kama bado anaogopa, alitikisa kichwa kukubali.

Januari mwaka huu alimwita binti yake, akamwagiza mambo mawili. La kwanza, ashushe mabomba yale, atoe ubao uliosinyaa, aweke mwingine wa mti mkavu uliokomaa, ili Hodi isipige tena milele isipokuwa imevutwa na mkono wa mtu. La pili, apandishe kizibo cha bomba la pili, awarudishe wale wawili kwenye ugomvi wao, na ngoma ipigwe siku ya maziko yake, jeneza lake likitolewa. Alisema baba yake alimwachia hofu ukutani bila kukusudia, naye hataki kuwaachia wajukuu nyingine ndani ya kinanda. Binti amefanya yote mawili. Kuijaribu ngoma hakuijaribu, hakuthubutu, kwa hiyo tutakachokisikia leo hajakisikia mtu tangu mwaka 1996.

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, mkewe na watoto wake wakiwa kando yake.

Sitawaficha kwamba wosia huu ulitugawa. Mwanawe wa kwanza alisema mbele ya kikao cha familia, "Sitaki kumzika baba leo, halafu wiki hii hii nimzike mama," na hakuna aliyemwita mwoga, kwa kuwa kila mmoja wetu alikuwa na maneno hayo hayo kooni. Wazee wawili wa kanisa walikuja nyumbani kutuomba tusiwaletee balaa. Aliyelimaliza shauri ni wifi, ambaye alisema mume wake alibeba hofu ile kwa ajili yake, kwa hiyo ni yake, na yeye ndiye atakayeitua. Akasema Hodi ikipigwa, yeye ataitikia kama mama mwenye nyumba yeyote anavyoitikia, kwamba mwenyeji hayupo, ameshatangulia, na kama anatafutwa yeye, basi aitwe na Mungu kwa jina lake, si kwa mbao.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya mapafu, hasa yule binti mpole wa zamu ya usiku, majirani waliotupikia na kutufagilia tangu Jumanne, mafundi wenzake wa vinanda waliosafiri kutoka mbali, wanakwaya aliowatunzia sauti zao kwa zaidi ya nusu karne, na baraza la kanisa kwa kuturuhusu pamoja na mashaka yake, mashaka ambayo tunayaheshimu. Mliokaa chini ya kona ya nyuma, paa na roshani vimekaguliwa na ni imara. Asiyeweza kuvumilia, atoke sasa bila aibu, tutakutana nje. Sisi wa familia tutabaki tumeketi, na wifi atabaki kiti cha mbele, mwanawe mkono wa kulia na mimi mkono wa kushoto, nami nimemshika mkono.

Kaka yangu, uliyelala mbali na ukuta, pumzika kwa amani, na wewe mwanetu uliye huko juu, vuta.